Ukurasa wa Salamu Nilioukata

Kuna Alhamisi moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka moyo unanienda mbio, kwanza kwa aibu, kisha kwa furaha. Niliingia nyumba moja ya mtaa wa Mountain View, Nairobi, nikiwa nimebeba vijitabu arobaini kwenye mfuko, na nilikuwa na furaha kiasi kwamba nilisahau kubisha hodi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Leo nina wajukuu, lakini ngoja nikueleze ilivyokuwa, maana nasikia na wewe umeanza kuongoza vijana wenzako. Kosa nililolifanya mimi kwa karatasi moja, siku hizi linafanywa kwa kidole kimoja.

Wazazi wetu walifariki wakifuatana, nami nikiwa darasa la saba. Mimi ndiye kifungua mimba. Nyuma yangu yuko Kamau, halafu Njeri. Nilifunga vitabu nikafulia watu nguo Kangemi ili hao wawili waendelee na shule, na nilipokua kidogo nikapata kazi River Road, kwenye duka la uchapishaji la Mzee Harjit, Kalasinga mmoja mcheshi aliyezaliwa hapa hapa Nairobi. Kazi yangu ilikuwa kukunja karatasi, kuzipanga na kuzipiga stepla. Kadi za harusi, programu za mazishi, vitabu vya risiti, vyote vilipita mikononi mwangu, na nilisoma kila nilichokunja. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu ya sekondari.

Kanisani kwetu Kangemi kulikuwa na mama mmoja mzee, mwalimu mstaafu, tuliyemwita Mwalimu Rahabu. Aliishi kwa mwanawe Mountain View, na kila Jumapili baada ya ibada alikusanya vijana ukumbini kutufundisha barua za Wakristo wa kwanza. Mimi barua hizo nilizijua kwa vipande: mstari mmoja hapa, mwingine pale, kama dawa ya kijiko. Siku ya kwanza nilipoketi kwake, hakutupa mstari. Alisimama, akavaa miwani, akasoma barua mbili nzima alizoandikiwa kijana mmoja, kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kutua, kama mtu aliyezipokea posta asubuhi hiyo.

Mwanangu, nilihisi kama dirisha limefunguliwa. Kumbe ni barua kweli! Kumbe mtume ni mzee aliyefungwa gerezani, baridi inakaribia, na koti lake ameliacha mji mwingine. Anaomba aletewe, pamoja na vitabu vyake. Kumbe anayeandikiwa ni kijana mwoga kidogo, anaambiwa asikubali mtu amdharau kwa sababu ya umri wake. Anakumbushwa imani ya bibi yake na ya mama yake. Hata tumbo la huyo kijana linalomsumbua, mzee analijali. Na huyo kijana, ambaye mzee hakumzaa, anaitwa mwanangu. Mimi sikuwa nimeitwa hivyo na mtu yeyote kwa miaka minane. Kuanzia siku hiyo nikawa mtoto wa Mwalimu Rahabu, akitaka asitake.

Sasa, alikuwa na desturi yake, na lazima uielewe ndipo uelewe kosa langu. Unajua barua nyingi za mitume humalizika kwa majina. Msalimie fulani, msalimieni fulani na wote walio nyumbani kwake. Watu wengi hufunga kitabu wakifika hapo. Mwalimu alisema hapo ndipo barua inapoanza kutembea. Kila tulipomaliza kusoma, alitaka msomaji aongeze majina yetu sisi, mmoja mmoja. Aliyepo alijibu, "Nipo." Kwa asiyekuwepo, mtu mmoja alijibu, "Namjibia mimi," na akijibu hivyo alikuwa amejifunga: kabla ya Jumapili nyingine ni lazima amfikie yule mtu kwa miguu yake na kumpa salamu mkononi. Msomaji naye hakuruhusiwa kujijibia. Jina lake likifika ananyamaza, asubiri mwingine amjibie. Mwalimu alisema anayesomea wenzake ndiye husahaulika upesi zaidi.

Tulicheka sana wakati wa majina hayo. Kuna waliojibiwa na watu watatu kwa mpigo, na kuna mmoja aliyejibiwa na msichana aliyempenda, ukumbi mzima ukapiga makofi.

Kamau alikuwa mmoja wetu, na sauti yake ya kusema "Nipo" ilikuwa kubwa kuliko zote. Kisha akaacha shule kidato cha tatu. Hakuniuliza. Nilisikia kwa watu kwamba ameonekana Dagoretti, kwenye kichinjio, akibeba nyama. Alipokuja nyumbani jioni hiyo nilimwambia maneno ambayo sitayarudia yote hapa. La mwisho lilikuwa kwamba jina lake lisitajwe tena katika nyumba yangu. Alichukua shati lake kwenye kamba, likiwa bado bichi, akatoka. Miezi saba ikapita. Kwenye salamu za Jumapili nilihakikisha mimi ndiye msomaji, na jina lake nililiruka. Wengine walidhani naona uchungu, wakaniachia.

Wakati huo Mwalimu hakuwepo kuona, ila habari zilimfikia. Alikuwa ameteleza bafuni akaumia nyonga, bintiye akamchukua kwake, mbali huko Kinangop, kumtunza. Ndipo ikaja barua yake. Alimtuma mtu aniletee mpaka River Road: karatasi za daftari zilizoandikwa pande zote mbili kwa mwandiko wake wa ubaoni, barua kwa vijana wote. Alitaka nikachape nakala arobaini, zisomwe Jumapili ambayo vijana wapya wangepokea kipaimara. Nilirukaruka dukani mpaka Mzee Harjit akauliza kama nimeposwa.

Niliipiga chapa mwenyewe kwa kompyuta ya duka, jioni tatu mfululizo baada ya kazi, kwa vidole viwili. Barua iliingia vizuri kabisa katika kurasa kumi na sita. Karatasi moja ikikunjwa hutoa kurasa nne, kwa hiyo karatasi nne, safi, bila upungufu wala ziada. Ilibaki karatasi ya mwisho ya daftari, ile ya salamu. Nikaanza kuisoma. Jina la kwanza lilikuwa Kamau.

Sikusoma zaidi. Nilikunja ile karatasi ya daftari, nikaitia kwenye droo chini ya mkasi, nikajiambia kwamba salamu zingedai karatasi ya tano, na kurasa tatu zikae wazi bure. Ni kweli zingedai. Hilo ndilo lilikuwa baya zaidi: nilikuwa na sababu ya kweli ya kufichia sababu yangu.

Basi, Alhamisi hiyo Mwalimu alikuwa ameletwa Nairobi kuonana na daktari wake, na mimi nikakimbilia Mountain View kumwonyesha vijitabu. Alikuwa kwenye kiti kando ya dirisha, fimbo magotini. Alikipokea kijitabu kwa mikono miwili, akakinusa wino, akatabasamu. Kisha akafanya lile alilotufundisha sisi sote: akakigeuza akaanza na mwisho.

"Salamu ziko wapi, Nyambura?"

Nilimweleza. Nilieleza vizuri sana, mwanangu, habari za karatasi na mikunjo na kurasa zinazogawika kwa nne. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama alivyokuwa akimsikiliza mwanafunzi ambaye hajafanya zoezi.

"Kwa hiyo ni karatasi," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na karatasi ilijuaje pa kukatia?"

Nje mtu alikuwa anafyeka ua, na nilisikiliza panga lake kana kwamba lina habari yangu.

Hakunipandishia sauti. Aliniuliza kama namkumbuka yule kijana wa zamani aliyeanza safari na mitume kisha akawaacha katikati ya njia. Nilimkumbuka. Akaniuliza kama nakumbuka mtume alifanya nini safari ya pili. Nilikumbuka: alikataa katakata kutembea naye, akagombana hata na rafiki yake kwa sababu ya huyo kijana, kila mmoja akashika njia yake. Mwalimu akasema ndiyo, mtume alikuwa na hasira za haki kama zangu. Halafu akaniambia nirudi kwenye ile barua ya gerezani, ile ya koti, barua ya mzee anayejua hataishi tena sana. Anamwita mwanawe wa imani aje upesi. Na njiani ampitie nani?

Nikasema kwa sauti ndogo kwamba ni yuleyule.

"Yuleyule," akasema Mwalimu. "Anasema mlete, ananifaa. Miaka yote hiyo unaisoma barua ile, unalilia koti, na huyo mtu unamruka. Mimi niliwaandikia barua ya watu, Nyambura. Wewe umeniletea hotuba."

Nilianza kulia. Aliniacha nilie kidogo, kisha akagonga fimbo sakafuni.

"Jumapili uje, na uje naye."

"Akikataa je?"

"Utamjibia wewe. Lakini ile hadithi ya karatasi uiache River Road."

Nilirudi mjini na mfuko wangu wa vijitabu arobaini, na utadhani nilikuwa na huzuni, lakini sivyo. Nilikuwa nimeanza kupata nafuu. Kwa miezi saba nilikuwa nimebana pumzi bila kujua. Ijumaa asubuhi Mzee Harjit aliniangalia nikipita akasema, "Kila siku unaniimbia pambio mpaka mashine inaona wivu. Leo mbona kimya?" Nikamweleza yote. Alinipapasa kichwa kama mtoto, akasema kwao gurudwara, nyumba yao ya ibada, watu wote huketi chini pamoja wakapewa chapati, na mlangoni hakuna orodha ya waliokosana na dada zao.

Nilimwomba kipande kidogo tu cha karatasi, nichape salamu nichomeke ndani. Akakataa.

"Kipande cha kuchomeka huanguka mtu akifungua. Unataka ndugu yako aanguke tena?"

Akaniambia ning'oe stepla zote, arobaini mara mbili, na tuweke karatasi ya tano kamili. Tuivishe nje ya zile nne, kama koti. Ukurasa mmoja ubebe salamu, na kurasa tatu zibaki tupu. Nikauliza hizo tupu za nini. Akasema yeye ni mchapishaji, si nabii.

Nikatoa ile karatasi ya daftari chini ya mkasi, nikaketi kupiga chapa. Jina la Kamau. Chini yake wengine, tisa au kumi, kila mmoja na neno lake. Nikafika mwisho, vidole vikasimama. Mwalimu alikuwa ameandika: "Na mwisho nisalimieni Nyambura, aliyefunga vitabu ili wengine wafungue. Yeye huwasalimia wote. Leo na asalimiwe."

Nilikuwa nimejikata na mimi, mwanangu. Nilipomkata ndugu yangu juu, nilijikata mimi chini, na nisingejua kamwe, kwa sababu nilikasirika kabla sijamaliza kusoma.

Jumamosi asubuhi nilikuwa Dagoretti. Kichinjio kilikuwa kimejaa, wanaume wa makoti meupe yaliyogeuka mekundu, gambuti za mpira miguuni, wakibeba mapande ya ng'ombe kuyapakia kwenye magari. Nilimwona Kamau kabla hajaniona. Alikuwa amepanuka mabega. Mwenzake mmoja akamwambia kwamba mkaguzi amefika, wote wakacheka, naye akageuka.

"Sasa, mum," akasema. Aliniita hivyo tangu utotoni, nusu mzaha. "Umekuja kuona kama nimekonda?"

"Nimekuletea barua."

Alipangusa mikono kwenye aproni, akakishika kijitabu kwa pembe. Akakigeuza akaanza na mwisho. Nilimwona akisoma mstari wake mara mbili. Mwalimu alikuwa amemwandikia hivi: "Nisalimieni Kamau, anayeamka kabla yetu sote na kubeba mzigo ambao wengine tunaukuta mezani. Mwambieni kiti chake hakijakaliwa." Kisha akatazama kidole gumba chake. Kilikuwa kimepata weusi.

"Hii wino bado inatoka. Hizi kurasa zingine zimekauka kabisa." Akaninyooshea kidole. "Hii ukurasa umechapisha jana."

Kamau hakuwa mjinga hata siku moja, ndiyo maana iliniuma alipoacha shule. Ningeweza kumwambia mashine iliharibika. Neno lilikuwa tayari mdomoni.

"Niliukata," nikasema. "Kwa sababu ya jina lako. Nikasema ni karatasi, lakini haikuwa karatasi."

"Na salamu yako je? Si hii hapa chini?"

"Sikufika huko. Nilikasirika hapo juu."

Alinitazama, halafu akacheka mpaka waliobeba nyama wakageuka. "Wewe, unasoma hata karatasi ya kufungia sukari, barua ikakushinda kumaliza?"

Nilicheka nikilia. Nikamwambia kwamba ile jioni nilikosa, kwamba nilidhani kwa kuacha vitabu vyangu nimenunua haki ya kuamua maisha yake, na kwamba nyumba yangu imekuwa na shimo mahali pa jina lake. Nikamwomba anisamehe. Aliinama akawa anasukuma damu kwa maji iende mferejini, ingawa ilikuwa inakwenda yenyewe.

"Kesho niko kazi," akasema. Akakitia kijitabu ndani ya shati, chini ya lile koti jekundu. "Rudi, utachafuka."

Hakuniahidi lolote. Nilirudi Kangemi nikiwa na nusu tu ya nilichotumwa.

Jumapili ukumbi ulijaa, vijana wa kipaimara mbele na mashati yao yaliyopigwa pasi mpaka yanakatika, Mwalimu Rahabu kwenye kiti, fimbo mkononi. Nilisoma barua nzima bila kusimama. Sijawahi kusoma vile tena. Nilipofika kwenye salamu sikuthubutu kutazama mlangoni.

"Nisalimieni Kamau."

Watu walijua ni miezi saba. Nikahesabu pumzi tatu, nikasema, "Namjibia mimi." Njeri, mdogo wetu, akaziba uso kwa kitambaa. Mwalimu akaitikia kwa kichwa, na nikaendelea. Nipo. Nipo. Namjibia mimi. Nipo. Nikafika chini.

"Na mwisho nisalimieni Nyambura."

Nikanyamaza, kama desturi inavyotaka. Njeri alikuwa amevuta pumzi ajibu.

"Yupo," ikasema sauti kubwa kutoka nyuma. "Namjibia mimi."

Alikuwa mlangoni na gambuti zake, zimeoshwa lakini bado zina unyevu. Mwalimu hakugeuka.

"Nani huyo anayejibu?"

"Ni ndugu yake."

"Ndugu yake ana jina."

"Ni Kamau, Mwalimu."

"Basi kaa, Kamau. Si uliambiwa kiti chako hakijakaliwa?"

Sitaweza kukueleza kelele iliyofuata. Vijana wa kipaimara walisahau mashati yao. Baadaye, nje, tukiwa tumeshika vikombe vya chai, nilimuuliza alikuwa amefika saa ngapi. Akasema alikuwa pale mlangoni tangu nilipoanza kusoma. Nikamuuliza kwa nini basi hakujibu jina lake lilipoitwa.

"Nilitaka kusikia kama kuna mtu atanijibia," akasema.

Usidhani mambo yote yalinyooka tangu siku hiyo. Kamau hakurudi shule. Alibaki na nyama, leo ana bucha yake, na bado tunabishana kila Krismasi. Mwalimu Rahabu aliishi miaka minne zaidi, akaniandikia barua nyingi, na kila moja niliianza na mwisho. Zile kurasa tatu tupu ndizo zilinishangaza. Wiki hiyohiyo vijana walianza kuandika humo majina ya watu wao waliopotea: baba aliyeondoka, rafiki aliyefungwa, dada asiyepiga simu. Nakala yangu imejaa mpaka pembeni. Mzee Harjit nilipomwonyesha alisema ameghairi, huenda yeye ni nabii.

Kwa hiyo mwanangu, ninakushauri hivi. Utawafundisha wenzako, na utafundisha vizuri, lakini ukumbuke kwamba imani tuliyopokea ilifika kwetu kwenye barua, na barua ina watu. Kumtoa mtu kwenye kikundi cha simu yako ni kugusa mara moja tu, na sababu nzuri haitakosekana. Kabla hujagusa, jiulize kama sababu hiyo ndiyo kweli, au ni karatasi. Soma mpaka mwisho kabla hujakasirika. Ukikosa, usitafute kipande cha kuchomeka. Ng'oa stepla, uanze upya, useme ulichofanya mbele ya uliyemfanyia. Usingoje akuahidi kuja. Wewe mjibie, kisha uendelee kusoma. Na tafuta mzee wa kukuita mwanangu, hata kama wazazi wako wapo, maana kuna mambo ambayo wa kwako wataona aibu kukuambia.

Jana niliandika jina lako kwenye ule ukurasa wa nyuma, palipobaki nafasi ndogo. Mungu akutie nguvu ya kusimama mbele ya watu bila kujiona. Akupe sauti ya kuwaita walio mbali, na miguu ya kuwafuata. Na siku wewe utakapochoka, ukawa kimya mbele ya jina lako mwenyewe, asikose mtu mlangoni, hata kama ni yule uliyemkosea, wa kusema kwa sauti kubwa kwamba upo.